Shanga zinaoza katikati ya chungu: nifanyeje?

SWALI: Nina mmea wa shanga, ule wenye vijani vya mviringo vinavyoning'inia. Niliununua Machi, nikautundika barazani chini ya paa, na ninaumwagilia kila asubuhi. Sasa shanga za juu zimekunjamana, nyingine ni tepetepe na zinaonyesha ndani. Katikati pamebaki kipara, ila nyuzi za chini bado ni za kijani. Niongeze mbolea?
Msomaji, Ntinda, Kampala

JIBU: Hapana, dada. Acha mbolea na acha maji leo hii. Shanga hukunjamana kwa kiu, lakini hukunjamana pia mizizi inapooza, kwa sababu mizizi iliyokufa haiwezi kunyonya maji hata yakijaa chunguni. Ingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu, ni kiu. Ukiwa na unyevu huku shanga zimelegea, ni kuoza, na dalili ulizotaja ni za kuoza.

Mmea huu, Curio rowleyanus, asili yake ni sehemu kavu za Afrika Kusini, ambako hutambaa ardhini chini ya vichaka. Kila shanga ni jani lililohifadhi maji. Mizizi ni mifupi, haishuki chini sana, na kumwagilia kila siku katika msimu wa mvua huinyima hewa.

Usihangaike na shina la zamani, okoa nyuzi. Kata zenye afya, sentimita 10 kila moja, kwa mkasi safi. Ondoa shanga kwenye sentimita 3 za chini, kisha weka nyuzi hizo kivulini siku moja au mbili mpaka kidonda kikauke. Ukizipanda mbichi, uozo utaingia pale pale.

Tafuta chungu cha udongo chenye tundu, upana sentimita 12, kina kisichozidi 10. Changanya sehemu moja ya mboji iliyoiva na kuchekechwa, moja ya mchanga mkubwa (ule laini wa kupigia lipu huziba), na moja ya vipande vya tofali la kuchoma vya milimita 3 hadi 6. Mawe ya volkano ya Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, yaliyopondwa ni bora zaidi. Loanisha kidogo, fumbata mkononi: ukifungua kiganja, mchanganyiko usambaratike. Ukibaki donge, ongeza tofali.

Jaza mpaka sentimita moja chini ya ukingo. Laza nyuzi juu ya udongo, usizifukie, uzibane kwa vipande vya waya vilivyopindwa. Nyunyiza kidogo uso ukikauka. Mizizi hutoka baada ya wiki 2 hadi 4. Baada ya hapo, bonyeza shanga kabla ya kumwagilia. Ikiwa ngumu, subiri. Ikianza kulegea na udongo umekauka, mwaga maji mpaka yatoke chini, kisha umwage ya kwenye kisahani. Wakati wa kiangazi hiyo ni kama siku 10 hadi 14; wakati wa mvua hata wiki 3.

Kipara kina sababu ya pili: chungu kikikaa juu sana karibu na paa, mwanga hufika ubavuni tu. Kishushe usawa wa dirisha la mashariki, kipate jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili au tatu. Jua la mchana huchoma shanga. Kwa kuwa Kampala iko karibu na ikweta, dirisha la kaskazini hupata jua Juni na la kusini Desemba, basi ukilitumia mojawapo, hamisha chungu kwa msimu. Kiwe mbali na watoto, paka na mbwa, maana mmea huu una sumu ukiliwa.