Re: Mlima Hunter na watoto, tupande kwa njia ipi?

Ndugu, umeuliza kati ya njia za Spruceton na Becker Hollow za kupanda Mlima Hunter (milima ya Catskill, jimbo la New York, Marekani) ipi inawafaa watoto wa miaka 9 na 12. Spruceton, bila kusita. Ni kama kilomita 5.5 kwenda tu, ndiyo, lakini sehemu kubwa ni barabara ya zamani yenye mwinuko wa taratibu. Becker Hollow ni kilomita 3.5 hivi na unapanda karibu mita 670. Ufupi wake unadanganya watu: kupanda wanamudu, magoti yanalia wakati wa kushuka, hasa majani makavu yakifunika mawe yenye unyevu.

Kwa Spruceton tenga saa 6 kwenda na kurudi, na lita 2 za maji kwa kila mtu. Pakua ramani kabla hujaondoka nyumbani, maana mtandao bondeni ni wa kubahatisha.

Kileleni (mita 1,231) msitu unaziba kila kitu. Bila kupanda mnara utaona miti tu. Mnara wa kwanza wa kuangalia moto wa msitu hapo ulikuwa wa magogo, 1909. Huu wa chuma ni wa 1917, una urefu wa mita 18 hivi. Ngazi zake ziko wazi pembeni na upepo juu ni mkali, kwa hiyo mtoto atangulie, mzazi nyuma yake, na kofia zibaki chini. Radi ikisikika, shukeni mara moja. Chuma juu ya kilele si mahali pa kusubiri.

Mkirudi, kagueni kupe nyuma ya magoti na kwenye nywele.