Maneno ya mtandaoni yameshusha hisa zangu, niuze?

SWALI: Assalaam alaykum. Nina hisa 2,000 za kampuni ndogo ya kutafuta madini, nilizozinunua shilingi 400 kila moja katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wiki mbili hizi kwenye magurupu ya WhatsApp wanasema kampuni imekwisha, wakurugenzi wanakimbia. Bei imeshuka hadi 340. Niuze?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Kabla ya kuihofia bei, tazama zimeuzwa hisa ngapi. Idadi hiyo imo katika ripoti ya soko ya kila siku. Hisa za kampuni ndogo hupita siku bila kuuzwa. Mtu mmoja aliyeingiwa na hofu akitoa hisa 300 kwa mnunuzi wa shilingi 340, bei inayoandikwa ni hiyohiyo, ingawa wenziwe hawajagusa zao. Zikiuzwa laki kadhaa siku baada ya siku, basi kuna wakubwa wanaotoka, na hilo lina uzito kuliko gurupu lolote.

Maneno yenyewe yachambue moja moja. La wakurugenzi huthibitika upesi, kwani kampuni iliyoorodheshwa hulazimika kutangaza mambo ya namna hiyo. "Imekwisha" ni neno tupu mpaka ulitie hesabu. Fungua hesabu za karibuni, ugawe fedha taslimu kwa matumizi ya mwezi: mathalani milioni 600 kwa milioni 75 ni miezi minane ya kuishi. Mtafuta madini hana mauzo, kwa hiyo miezi hiyo ikiisha atakopa au atatoa hisa mpya, na usiponunua nawe, fungu lako linapungua. Soma na maoni ya mkaguzi. Akiandika kwamba ana shaka kubwa kama kampuni itaendelea, wapiga domo wamepatia.

Nani hufaidi uvumi kama huu? Marekani kuna wanaoazima hisa, wakaziuza, wakangoja zishuke wazinunue rahisi. Dar mtindo huo haujazoeleka. Mara nyingi anayefaidi bei ya chini ni anayezitaka zako. Mchuuzi naye, akitaka kununua kwa mvuvi, huanza kwa kusema samaki wamelegea.

Ukiamua kuuza, usimwambie dalali "uza kwa bei ya soko". Mnunuzi wa shilingi 340 akitaka hisa 300 tu na anayefuata akatoa shilingi 300 kwa kila hisa, utapata shilingi 612,000 badala ya 680,000, kabla ya ada. Mpe bei ya chini kabisa unayoikubali na tarehe ya mwisho ya agizo, kisha uza kwa mafungu.