Jibu: Sonata za Beethoven za Schnabel zinakwaruza, faili bovu?

Salama mkuu. Unasema faili la mpiga piano Artur Schnabel, akipiga sonata (tungo ndefu za piano) za mtunzi Beethoven, linakwaruza, tena sonata ya 29 ina noti zilizokosewa. Usimalize bando, mimi nilipakua mara tatu ndipo nikashtuka. Kwanza vaa hedifoni, sikiliza pale piano inaponyamaza. Mvumo ukiwa uleule mfululizo, kama mafuta kikaangoni, hiyo ni santuri ya zamani yenyewe, ambayo faili lilinakiliwa kutoka kwake. Zote 32 alizirekodi London kuanzia 1932 hadi 1935, upande mmoja wa santuri dakika 4 hivi, bila kukata na kuunga rekodi, kwa hiyo kosa lilibaki. Ile ya 29, sehemu ya kwanza, aliikimbiza akifuata kasi aliyoandika Beethoven mwenyewe, vidole vikateleza. Naipenda hivyohivyo. Sauti ikiruka au kukatika katikati ya noti, hapo pakua upya.