Bembea ya kulalia kwa sisi wenye kilo zetu

"Inakubeba hiyo?" Ndilo swali ninaloulizwa nikitundika bembea yangu ya kulalia ufukweni Ushongo, na mara nyingi anayeuliza ni mwenye mwili kama wangu. Anaitamani, ila anaogopa aibu ya kudondoka mbele za watu na simu zao. Mimi nina kilo 120, na baada ya sikukuu nazidi kidogo. Inanibeba usiku kucha. Tena hilo la kubeba ndilo jepesi kuliko yote. Bembea nyingi zinaweza kumbeba mtu mnene bila kukatika. Zinazoweza kumlaza akaamka hana maumivu ni chache, na tofauti yake huioni kwenye namba ya kilo iliyobandikwa. Iko kwenye urefu wa kitambaa na ulegevu wa kamba.

Hiyo namba nayo usiidharau, ila isome vizuri. Bembea nyingi za kambi zinatoka nje na uzito umeandikwa kwa pauni. Mtu anaona 300 anafurahi, kumbe ni kilo 136 tu. Pauni 400 ni kilo 181, na 500 ni kama kilo 227. Kwa mwili wa kilo 120 mimi sishuki chini ya pauni 400, maana namba ile ni ya mzigo uliotulia, si ya mtu aliyejitupa kwa kishindo akitoka kuogelea. Angalia pia kile kichuma cha kuunganishia, karabina. Vile vya kuning'inizia funguo si vya kazi hii hata kama vimefanana. Kizuri kimepigwa muhuri wa nguvu yake kwenye chuma chenyewe: kilichoandikwa 12 kN kinastahimili mvuto wa takriban kilo 1,200.

Sasa urefu. Bembea nyingi za bei ya kawaida kitambaa chake kina mita 2.6 au 2.7. Mtu mwembamba na mfupi ataelewana nayo. Sisi tukiingia, mwili unakunjika kama ndizi: makalio chini, miguu juu, kitambaa kinakaba mabega, kifua kinabanwa, na nyuma ya magoti kunauma. Unachotaka ni mita 3.3 kwenda juu. Kitambaa kirefu kinakuruhusu kulala mshazari, yaani kichwa unakisogeza upande mmoja wa mstari wa katikati na miguu upande wa pili. Ukilala hivyo kitambaa kinatandazika chini yako na mgongo unakaribia kunyooka. Ukilala katikati, sambamba na kamba, utakunjika tu, hata ukinunua bembea ya bei gani.

Wauzaji hutukimbiza kwenye upana. "Chukua hii ya watu wawili, mama, utajiachia." Upana wa mita 1.5 hadi 1.8 unatosha. Zile za watu wawili mara nyingi urefu ni uleule, wameongeza upana tu, na kitambaa kinachobaki kinakuja kukupepea usoni usiku mzima. Nenda na futi kamba. Mwambie akunjue, upime kitambaa chenyewe kutoka ncha hadi ncha bila kuhesabu kamba. Na zile zenye fimbo ya mbao kila mwisho, zinazopendezesha bustani za hoteli, waachie wenye hoteli. Zinatandazika vizuri kweli, lakini ukijigeuza kidogo zinakumwaga.

Nikija kwenye kutundika, hapa ndipo wanene wengi wanapojiumiza kwa uoga wao. Anaona mwili wake ni mzito, anaona bembea itagusa mchanga, basi anaikaza. Vijana wa pwani nao kwa wema wao wanasaidia kukaza.

"Mama, ngoja niivute iwe ngumu, usije ukafika chini."

"Ilegeze, mwanangu. Kisha upandishe juu kidogo mkanda ulioufunga mtini."

"Ikilegea si itakukunja?"

"Iliyokazwa ndiyo inayokunja. Na ndiyo inayokata kamba."

Hesabu yake ni hii. Kamba ikiteremka kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila upande unavutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wako wote: kilo zangu 120 huku, 120 kule. Ukiikaza hadi nyuzi 15, kila upande unapata karibu kilo 230. Ikifika nyuzi 10, unapita kilo 340. Ni mimi yuleyule, sijala hata andazi la ziada, ila kamba, mshono na mti vimebebeshwa karibu mara tatu. Kwa hiyo bembea "ya kilo 180" iliyokazwa kama waya wa kuanikia inaweza kukatika ikiwa na mtu wa kilo 90, halafu mnene akapewa lawama.

Nyuzi 30 huhitaji kifaa kuzipima. Nyoosha mkono, fungua kidole gumba na cha shahada kama watoto wanavyoigiza bastola. Cha shahada kiwe sambamba na ardhi, gumba lielekee juu. Mstari unaotoka ncha ya cha shahada hadi ncha ya gumba ndio mteremko wa kamba yako. Ukitaka usihangaike kila safari, funga kamba nyembamba imara kutoka ncha moja ya bembea hadi nyingine, ipite juu yako ulalapo, urefu wake asilimia 83 ya kitambaa. Kwa kitambaa cha mita 3.3 ni kama mita 2.75. Kamba hiyo inafanya mbonyeo uwe uleule popote utakapotundika, na ni mahali pazuri pa kuning'iniza tochi na miwani.

Miti miwili iliyoachana mita nne hadi tano inatosha. Mkanda ufunge usawa wa kichwa au juu zaidi, kwa kuwa nailoni hunyumbuka na sisi tunaibonyeza kweli. Kaa taratibu uone: makalio yakitulia usawa wa kiti cha kawaida, kama sentimita 45 kutoka chini, umepata. Ikiwa chini zaidi, pandisha mkanda. Usikaze.

Miti ya huku kwetu ina tabia zake. Mnazi una shina zuri, lakini tazama juu kabla ya kitu chochote. Nazi ikianguka haichagui, na kuti kavu nalo si karatasi. Mimi hulala kwenye minazi iliyoanguliwa tu, la sivyo nasogea kwenye mivinje. Mwembe mkubwa ni rafiki. Mkorosho funga kwenye shina, si kwenye tawi, na kama shina ni jembamba kuliko paja lako (la mtu mzima, tusidanganyane) achana nalo. Saadani ni habari nyingine: hifadhi ile inashuka hadi baharini, ina tembo na simba, kwa hiyo usitundike chochote kabla askari wa hifadhi hajakuonyesha mahali.

Suala la kamba litawaudhi ndugu zangu wa Tanga. Tangu mkonge uingie mwaka 1893, hakuna nyumba ya huku isiyojua kamba ya katani, na ukisema unatafuta kamba mtu atakutolea ya kwake stoo kwa fahari. Katani inashika fundo vizuri na hainyumbuki ovyo. Tatizo lake ni maji. Inanyonya unyevu, inaoza kwa ndani huku nje inang'aa. Ifungue nyuzi zake kwa kuizungusha kinyume na msokoto uchungulie katikati: ukiona weusi au vumbi, irudishe kufungia mbuzi. Manila ya bluu nayo jua huila, ikishaanza kutoa unga na vinyweleo mkononi imekwisha. Nachotumia mimi ni mikanda bapa ya polyester, upana wa sentimita 2.5 au zaidi, jamii ya ile wanayofungia mizigo kwenye malori. Haikati gome la mti na hainyumbuki usiku ukajikuta chini alfajiri.

Kama dukani hupati ndefu, nenda kwa fundi. Ngamiani, pale Tanga mjini, mafundi hawakosekani. Mpelekee mita tatu na nusu za nailoni ya hema iliyofumwa kwa miraba, ile isiyoendelea kuchanika ikitoboka, upana mita moja na nusu. Akunje kingo, kila mwisho ashone mfereji wa kupitisha kamba, mistari minne ya uzi wa polyester, si wa pamba. Turubai ni imara lakini utaoka humo. Pamba ina ubaridi mzuri mchana, ila kwa unyevu wa pwani inaota ukungu usipoianika. Kabla hujapanda wewe, itundike karibu na ardhi uweke viroba vya mchanga vizidi uzito wako, uviache humo usiku mzima. Asubuhi kagua mishono kwa vidole.

Kuingia kuna adabu yake. Simama ukiupa mgongo katikati ya bembea, tandaza kitambaa nyuma yako kwa mikono miwili kifike hadi chini ya mapaja, kaa, tulia, ndipo uinue miguu yote miwili kwa pamoja ukijigeuza. Wenzangu wa madera: vaeni suruali ndani. Dera linajizungusha, na wakati wa kutoka utakuwa umefungwa kama mzigo wa posta. Kutoka ni kurudi kwenye kukaa, nyayo zote mbili chini, kisha unasukuma kwa mapaja. Magoti yakikusumbua, weka kanga iliyokunjwa chini yake kabla hujalala.

Ukipanda milimani, Amani, Magoroto au Lushoto, utashangaa kusikia baridi mgongoni wakati tumbo lina joto. Blanketi la juu halitasaidia, kwa sababu lile la chini umelilalia limebonyea na hewa inapita chini yako. Weka godoro jembamba la sponji chini ya mwili, au nunua bembea ya kitambaa cha tabaka mbili ulipenyeze katikati ili lisihame. Tabaka mbili zinafaa pwani pia kwa sababu nyingine: mbu anauma kupitia kitambaa kimoja kilichobana ngozi, na sisi tunakibana kisawasawa. Chandarua kizunguke hadi chini, si juu tu.

Ukirudi nyumbani suuza chumvi kwa maji baridi, karabina zipake mafuta kidogo, na anika kivulini.