Sheria mpya za shule Texas: wazazi wanauliza

Tangu Bunge la Texas lipitishe sheria mpya za shule za umma mwaka 2025, wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili wamekuwa wakiniuliza mengi. Wengi tumekulia kwenye msemo kwamba mwalimu ni mzazi wa pili, tukamwachia kila kitu. Hapa sasa sahihi yako inabeba mzigo mkubwa, na usipofika shuleni mambo yataamuliwa bila wewe.

Mwanangu wa darasa la kwanza amerudishwa nyumbani siku mbili, eti anavuruga darasa. Si niliambiwa watoto wadogo hawasimamishwi? (Mama wa watoto wanne, Houston)

Pole sana, mama. Ulivyoambiwa ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2017 Texas ilizuia kumrudisha nyumbani mtoto aliye chini ya darasa la tatu, isipokuwa kwa mambo mazito kama silaha, ukatili au dawa za kulevya. Sheria ya HB 6 (HB ni alama ya mswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi la Texas), iliyosainiwa na Gavana Greg Abbott mwaka 2025, imelegeza zuio hilo. Sasa hata mtoto mdogo anaweza kusimamishwa akihatarisha wenzake, au akivuruga darasa mara kwa mara au kupita kiasi.

Lakini sheria inataka uvurugaji huo uwe umeandikwa, na hapo ndipo pa kushika. Nenda uombe kuona maandishi: ilikuwa siku gani, alifanya nini, mwalimu alijaribu nini kabla. Adhabu yenyewe haizidi siku tatu za shule, na katika siku hizo lazima apewe njia ya kupata masomo yake, ikiwemo isiyohitaji intaneti.

Linaloniuma ni hili: mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi, asiyeelewa Kiingereza, husimama ovyo kwa kuwa hajaelewa alichoambiwa, kisha anaandikwa mkaidi. Mweleze mwalimu ameanza kusikia Kiingereza lini. Na kama mwanao yuko kwenye mpango wa elimu maalumu, sheria ya shirikisho inamlinda zaidi: shule haiwezi kumtoa kwa zaidi ya siku 10 mfululizo bila kukaa kikao cha kuangalia kama tabia hiyo imetokana na ulemavu wake.

Binti yangu ana wiki tatu kwenye chumba cha adhabu hapo hapo shuleni. Mwisho wake lini?

HB 6 haikuweka ukomo wa adhabu hiyo. Iliyoweka ni sharti kwamba mkuu wa shule aipitie upya angalau kila baada ya siku 10 za shule. Wiki tatu ni siku 15, kwa hiyo angalau mara moja ilipaswa kupitiwa. Muulize lini, na aliamua nini.

Simu je? Nataka kumpata mwanangu.

Piga ofisi ya shule. Chini ya sheria ya HB 1481, simu, tableti na saa janja hazitumiki tangu kengele ya asubuhi hadi ya jioni. Mtoto anayehitaji kifaa kwa sababu ya ugonjwa aruhusiwe kwa maandishi ya daktari.

Mtoto aliumwa kichwa, nesi akasema hawezi kumhudumia mpaka nisaini fomu. Huu si ukatili? (Baba, Dallas)

Nesi huyo alikuwa na hofu, baba, wala simlaumu. Sheria ya SB 12 (SB ni mswada ulioanzia Seneti ya Texas) inataka idhini ya mzazi kwa huduma za afya shuleni, na idhini ya maandishi kwa mtoto kujiunga na klabu. Mwanzoni baadhi ya shule ziliogopa hata kumfunga mtoto bandeji. Dharura haingoji sahihi. Kwa mengine, saini mapema unayoyakubali na uache usiyoyataka.

Usisaini usichokielewa. Omba mkalimani, shule ina wajibu wa kuwasiliana nawe kwa lugha unayoielewa. Tafadhali usimfanye mtoto awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

Fort Worth tulichagua wajumbe wa bodi ya wilaya yetu ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za mji. Jimbo limewezaje kuichukua?

Kwa sheria ya 2015: shule moja tu ikifeli miaka mitano mfululizo, kamishna wa elimu wa jimbo lazima aifunge shule hiyo au aondoe bodi ya wilaya nzima. Houston ilichukuliwa Juni 2023. Kuchukuliwa kwa yenu kulitangazwa na Kamishna Mike Morath Oktoba 2025. Wajumbe mliowachagua hupoteza mamlaka, na maamuzi hufanywa na watu walioteuliwa na kamishna. Kwangu hiyo ni adhabu kubwa mno kwa mji mzima. Hata hivyo vikao vya bodi hubaki wazi, na mwananchi ana haki ya kusema juu ya ajenda kabla ya uamuzi. Huhitaji kuwa raia ili usimame kuzungumza.

Kenya viboko vilipigwa marufuku 2001. Kweli hapa Marekani mwalimu anaweza kumchapa mwanangu?

Texas, ndiyo, wilaya yenu ikiwa inaruhusu. Houston na Dallas hazichapi, ila baadhi ya wilaya ndogo za vijijini bado zinachapa. Sheria inakupa haki ya kukataa: andika barua fupi kwamba hutaki mwanao apewe adhabu ya viboko, weka sahihi, ipeleke ofisini na ubaki na nakala. Rudia kila mwaka wa shule unapoanza, maana barua ya mwaka jana haihesabiki.