Kwenda Tokyo: ongeza hela utue Haneda

Mdogo wangu, umeuliza kama ukate tiketi ya bei nafuu inayotua Narita saa nne na nusu usiku au uongeze hela utue Haneda. Ongeza. Narita iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, na ukichelewa uhamiaji treni ya mwisho imeshaondoka. Mimi nililala kwenye benchi pale, begi nimelifanya mto, miguu imevimba baada ya kuunganisha ndege Doha. Haneda ni kama kilomita 15 tu.

Ila viza kwanza, ubalozi wa Japani uko hapahapa Dar. Na epuka mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei: Wajapani wenyewe wako likizo, vyumba havishikiki.