Ufunguo wa Leo Usifungue Siri za Jana

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuunganisha mashine za kukatia tiketi na seva kuu. Nikajiambia, hesabu naijua, nitaandika itifaki yangu mwenyewe, yaani kanuni za mashine mbili kuzungumza kwa siri. Kila upande unazalisha ufunguo wa muda wa Diffie-Hellman (njia ya pande mbili kupata siri moja bila kuituma), funguo zinabadilishana, kila mmoja anatia saini funguo zote mbili kwa ufunguo wake wa kudumu, kwisha habari. Kurasa mbili. Nilijiona fundi kweli.

Mwenzangu mmoja, mtu wa maneno machache, akazisoma huku anakunywa chai. Akauliza: "Saini hii inasema unaongea na nani?"

Haikusema. Basi tazama kinachotokea. Mashine A inaanza mazungumzo na seva. Katikati yuko M, mteja halali mwenye cheti chake, ila mkorofi. Anabandua saini ya A, anabandika yake juu ya funguo zilezile. Jibu la seva analipitisha kwa A bila kuligusa. A anaamini anaongea na seva, na ni kweli. Seva inaamini inaongea na M. Ufunguo wa kikao, ile siri waliyoipata A na seva, M haujui, hawezi kusoma hata neno moja, lakini mauzo yote ya A yanaingia kwenye akaunti ya M! Na si ujanja mpya: Diffie, van Oorschot na Wiener waliueleza tangu 1992.

Dawa ziko mbili. Weka jina la unayeongea naye ndani ya saini. Au fanya kama SIGMA, itifaki ya Krawczyk (2003): kila upande upigie jina lake muhuri kwa ufunguo uliotokana na kikao hicho. M hana ufunguo huo, hivyo hawezi kuupiga muhuri.

Suala la pili ndilo lililoniumiza zaidi. Zamani katika TLS, itifaki inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, mteja aliweza kuifunga siri ya kikao kwa ufunguo wa RSA wa seva, ambao ni wa kudumu. Mtu akirekodi mawasiliano miaka mitano, halafu akaiba ufunguo huo mmoja, anafungua yote. Heartbleed, kasoro ya programu iliyofichuliwa Aprili 2014, ilionyesha ufunguo unavyoweza kuchotwa kwenye kumbukumbu ya seva. TLS 1.3 ya mwaka 2018 ikauondoa utaratibu huo kabisa.

Ila ufunguo wa muda haukulindi mpaka uufute. Mimi wakati wa majaribio niliwasha logi (faili la kumbukumbu za mfumo) iandike funguo za vikao, nikasahau kuizima. Angalia pia tiketi za kurejesha vikao, zile seva inazompa mteja ili aendelee na kikao cha awali: ufunguo unaozifunga usipobadilishwa, umerudi kulekule kwa RSA. Na usitumie tena ufunguo wa muda eti kuokoa sekunde.

Ushauri wangu: tumia TLS 1.3 au Noise, mfumo wa itifaki zilizokwisha kubuniwa. Ukilazimika kubuni, ipitishe kwenye ProVerif au Tamarin, programu za kukagua itifaki, kabla ya kuandika programu yako. Hata wataalamu hukosea: itifaki ya Needham na Schroeder, ile ya funguo za umma, ilitoka 1978. Mtafiti Lowe alionyesha tundu lake 1995. Miaka 17, na ina jumbe chache tu.

Kurasa zangu mbili nilizitupa siku hiyohiyo. Kuzifuta zile logi kulinichukua wiki mbili, maana kila usiku seva ilikuwa inazitengenezea nakala rudufu, na nakala zilikuwa sehemu tatu.